Karatasi mbili za kutisha: daftari la Lupa na barua ya wakati wa Mjerumani

Kamwene, karibuni mezani. Leo ni kazi ya karatasi. Wanaocheza ile michezo ya kuigiza ya mezani, mmoja anasimulia na wengine wanakuwa wahusika wanaochunguza mambo ya kutisha, wanajua kikao kinavyobadilika msimulizi akiacha kusema "mmeokota barua" na kuitoa barua yenyewe mfukoni. Tutatengeneza vitu viwili: ukurasa wa daftari la duka la mwaka 1933, kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, na barua ya 1913, enzi za Mjerumani. Duka na watu wake ni wa kubuni. Machimbo ni ya kweli, na mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927 kwa sababu yake.

Kabla hujabandika maji ya chai, subiri kwanza. Kila mtu huanzia kwenye chai, ndiyo maana vielelezo vingi unavyoviona vinafanana: kahawia tupu, kingo zimechomwa kwa kiberiti, pembeni kuna damu ya rangi ya chakula. Jiulize wahusika wako wanaishi mwaka gani. Kama mchezo unatokea 1933, karatasi ya 1933 kwao ni ya juzi tu. Itakuwa imechafuka, imekunjwa, imeshikwa na mikono yenye mafuta, lakini uzee inautoa wapi? Inayostahili chai ni ile ya 1913. Ukiziweka mezani pamoja, moja nyeupe chafu na nyingine ya kahawia, mchezaji ataiona miaka ishirini bila kuambiwa.

Na kingo za kuchoma tuziache. Nani anachoma barua pande zote nne kwa usawa, halafu anaizima ili isomeke?

Haya, tuanze na daftari. Chukua karatasi za A4 za kawaida. A4 ni kipimo cha Wajerumani cha mwaka 1922, na ofisi za Waingereza hazikukitumia wakati huo; wao walikuwa na fulskepu, ambayo bado unaipata kwenye steshenari hapa Miyomboni, Iringa, na kwarto iliyo fupi zaidi. Sisi tunataka kwarto: upana sentimita 20.3, urefu 25.4. Inatoka ndani ya A4 bila shida. Kata kwa wembe na rula ya chuma, usitumie mkasi, mkasi unayumba. Upande wa kushoto uache na ziada ya nusu sentimita, toboa matundu kwa sindano kufuata mstari, kisha chana taratibu. Tazama hapa. Sasa unaonekana ni ukurasa ulionyofolewa kwenye daftari lililoshonwa.

Mistari ichore kwa penseli za rangi zilizochongwa vizuri: ya kulala iwe buluu hafifu, na kulia simamisha miwili myekundu ya shilingi na senti. Shilingi, eeh, maana rupia ilishaondoka tangu 1921.

Kuandika, weka pembeni peni za dukani hizi za kibomba cha plastiki. Zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1945, na mchezaji mwenye jicho kali atakuumbua. Tumia kalamu ya nibu ya kuchovya, au kalamu ya wino ya kujaza. Ukichovya, herufi za mwanzo zinakuwa nzito na za mwisho zinafifia, kisha nzito tena. Usijaribu kuzisawazisha, huo ndio uzuri wake.

Sasa tuandike nini? Mimi hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko penginepo, kwa sababu karatasi ya kutisha inatisha kwa kuwa ya kawaida. Mwenye duka hajui kama yuko ndani ya hadithi. Yeye anaandika madeni. Sogeza kamera tusome, na pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa:

"Machi 4. Unga pishi 10. Chumvi. Mafuta ya taa debe 1. Kamba pima 10."
"Machi 11. Unga pishi 10. Mafuta debe 1. Kamba pima 20."
"Machi 18. Unga pishi 4. Mafuta debe 2. Kamba pima 45."
"Machi 25. Mafuta debe 3. Kamba pima 90."
"Aprili 1. Kamba yote iliyopo."

Hakuna mzimu, hakuna damu. Kuna mtu anayechimba, kamba inaongezeka, unga unapungua mpaka unakwisha kabisa. Tarehe zote hizo ni Jumamosi kwenye kalenda ya 1933. Mara nyingi hakuna atakayekagua, lakini akitokea mmoja wa kukagua na akakuta umepatia, ataziamini karatasi zako zote zitakazofuata.

Pembeni ya kila mstari mteja anatia sahihi. Wiki nne za kwanza iwe sahihi ya mtu aliyesoma, yenye mkia. Wiki ya tano, weka dole gumba. Lipake wino wa pedi ya muhuri, libonyeze, linyanyue, kisha libonyeze tena juu kidogo ya hapo, michirizi iungane. Umeona? Dole refu kuliko la binadamu. Usiliseme. Acha walione wenyewe.

Uchafu wake ni rahisi. Udongo mwekundu hapa Iringa haununuliwi. Uchekeche, chovya kitambaa kikavu, sugua kwenye kona ya chini kulia, ambako vidole hushika kurasa vikifunua, kisha kung'uta. Kunja mara nne, tia kwenye mfuko wa shati, shinda nayo ukiendelea na shughuli zako. Ukiitoa, mikunjo pitishia msasa laini kidogo tu. Daftari limekwisha.

Sasa barua, na chai yetu. Mambo mawili mapema. Ni chai ya rangi, isiwe ya maziwa, vinginevyo barua itanuka baada ya siku mbili. Na sukari usiguse, labda kama unawaandikia sisimizi. Majani ya Mufindi au ya Rungwe, yoyote, vijiko vinne vikubwa kwa nusu lita. Chemsha yakolee, poza, chuja vizuri.

Kabla ya chai, tengeneza wino. Misumari iliyoshika kutu, au ule waya wa kusugulia masufuria, mradi uwe wa aina inayoshika kutu, loweka kwenye siki nyeupe ndani ya chupa kwa wiki moja hivi. Kifuniko kilegeze, kwa sababu kuna gesi inayotoka, na weka mbali na moto na watoto. Utapata maji ya rangi ya kutu. Yachuje na uandikie kwa nibu. Maandishi yatakuwa hafifu mno, utadhani umepoteza muda. Acha yakauke kabisa.

Sasa angalia hapa kwa karibu. Nachovya sponji kwenye chai, naikamua, naigusisha juu ya neno. Igusishe, usiiburute. Tazama linavyoamka: kijivu, kijivu kizito, jeusi. Chuma kimekutana na tanini ya chai. Wino wa ofisi za Ulaya kwa karne nyingi ulitengenezwa kwa kanuni hiyohiyo ya chuma na tanini. Ukilowesha sana herufi zitavuja, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande kingine. Asiye na muda achapishe kwa printa ya leza au fotokopi, kisha apake chai. Ile ya wino wa maji itayeyuka yote.

Kukausha ndiko kunakotusumbua huku juu, hasa Juni na Julai, ukungu unashinda mpaka saa nne. Laza barua kwenye sinia lililopinduliwa, si kwenye mkeka, utachapa ukili mgongoni mwa barua. Ikibaki na unyevunyevu, weka kitambaa cha pamba juu na upitishe pasi ya vuguvugu.

Lugha ya barua iwe Kiswahili. Serikali ya Mjerumani iliwaandikia maakida kwa Kiswahili, kwa hiyo karani kumwandikia nduguye hivyo si jambo la ajabu. Anzia juu: "Neu-Langenburg", ndiyo Tukuyu ya leo. Fedha ni rupia na heller. Usimtaje mkuu wa mkoa wa Songwe, mkoa huo ni wa 2016. Kisha salamu ndefu za kizamani, "baada ya salamu nyingi nakuarifu", habari za wazee, habari za ng'ombe, na katikati, bila kishindo: "Shimo tuliloamriwa kulifukia kule kaskazini tulilipima kwa kamba. Pima tisini, na jiwe halikugusa chini."

Pima tisini. Wakishaliona daftari, watainua vichwa.

Kuna jambo moja silitengenezi nalo vielelezo, ingawa huwa naombwa: Mkwawa. Fuvu lake lilirudishwa 1954, liko hapo Kalenga, na wajukuu zake tunapishana nao sokoni. Buni wafu wako mwenyewe.

Mihuri pia, chonga ya kubuni. Kiazi mviringo kilichokatwa nusu kinatosha, herufi ukizigeuza kinyume. Mihuri ya ofisi zilizopo leo usiiguse kabisa. Nyuma ya kila karatasi andika kwa penseli "kielelezo cha mchezo", maana vitu hivi hupotea, na miaka kumi baadaye mtu anaweza kuvipeleka makumbusho.

Kwenye mchezo, toa daftari kwanza, barua baadaye, na usiwasomee. Piga fotokopi ya kila moja mapema, maana lazima atakuwepo mmoja wa kuzungushia tarehe kwa peni.