Maswali Yetu Yanakula Saa 72

Asanteni sana mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana wa mitaa yetu ya Lamu, Langoni na Mkomani, na waliokuja kutoka Matondoni. Nimefurahi zaidi kuona wanaume wamekuja, manake haya mambo ya ubakaji kila siku tunaambiana wanawake peke yetu halafu kila mtu anarudi kwake.

Nna swali. Mtoto wa kike akiharibiwa hapa kwetu, tunauliza nini kwanza? Alikuwa wapi saa hizo. Alivaa nini. Nani alimtuma. Mbona hakupiga kelele. Miaka yote nnayosaidia watu na hizi kesi sijaskia mzee akianza kwa kuuliza yule mwanamume alikuwa anatafuta nini pale. Na mambo ya nguo jamani, hapa Lamu tungekuwa tumeshayamaliza, wanawake wetu wanavaa buibui na ninja ya kufunika uso juu yake na bado wanabakwa, watoto ambao hata buibui hawajaanza wanabakwa, bibi vizee wanabakwa ndani ya nyumba zao.

Sasa angalieni hayo maswali yanafanya nini. Dawa za kuzuia ukimwi, zile za PEP, ni lazima zianzwe ndani ya saa 72 na kila saa ikipita nguvu yake inapungua. Vidonge vya kuzuia mimba mwisho ni saa 120. Daktari anataka kumuona kabla hajaoga, na nguo alizokuwa nazo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si plastiki, manake kwenye plastiki zinapata unyevu na ushahidi unaharibika. Na sisi ni watu wa visiwa, ukiwa Pate boti yangoja maji yajae ndo uje huku hospitali ya King Fahd, kwa hivo saa zenyewe si nyingi kama mnavodhani.

Tunazitumia vipi? Siku ya kwanza inaisha kwa kumuhoji. Siku ya pili wazee wa pande mbili wako barazani, kahawa inapita, na yeye yuko ndani nyuma ya pazia anaskia kila neno, anamskia babake mzazi akisema huyu naye tabia zake twazijua. Mamake alishamtilia maji ya moto zamani, amemuosha, amemfukiza udi, nguo amezifua ziko darini zinakauka. Amefanya kwa mapenzi, mimi simlaumu hata kidogo, hakuna aliyemwambia. Siku ya tatu wanakubaliana jamaa alipe kitu au amuoe, na mtoto ana miaka 14.

Hayo makubaliano hayafuti kesi! Sheria ya Makosa ya Kingono hapa Kenya ni ya 2006, aliyeipeleka bungeni ni Njoki Ndung'u, baadaye akawa jaji wa Mahakama ya Juu, na alipata tabu nayo, mbunge mmoja mwanamume alisimama mle ndani akasema mwanamke wa kiafrika akisema hapana anamaanisha ndio, wabunge wanawake wakatoka nje. Lakini ikapita. Aliyenajisi mtoto wa miaka 11 kushuka chini ni kifungo cha maisha, wa 12 mpaka 15 si chini ya miaka 20, na wazee wa baraza hawana uwezo wa kuiondoa kesi kortini. Halafu mambo ya huyu alishawahi kuwa na mwanamume mwingine, kifungu cha 34 kinamzuia wakili kuuliza hivo bila ruhusa ya korti. Yaani hata kortini hakiulizwi bila ruhusa kile ambacho sisi tunakizungumza wazi mbele ya watoto. Na mkiambiwa hakuna shahidi, korti ikimuamini yeye peke yake na kuandika sababu, inaweza kumfunga mtu.

Kinachoniuma ni baadaye. Msichana anaachishwa shule, anapelekwa Mombasa kwa shangazi eti kumsitiri, na yule aliyemfanyia yuko pale uwanja wa Mkunguni anacheza bao na mnampa mkono mkipita. Kijana akirudi saa saba ya usiku ni kijana, dadake akienda dukani magharibi akiumizwa ni yeye aliyejitakia, na anayesema hivo mara nyingi ni sisi kina mama.

Kwa hivo akija kwako, mwambie nimekuamini, mvishe nguo nyengine bila kumuosha, zile alizokuwa nazo chukua, nendeni hospitali kwanza hata kama polisi hamjafika, pale watajaza fomu ya PRC, ile ya matibabu ya aliyebakwa, na ni bure, P3, fomu ya polisi ya kueleza alivyoumizwa, mtaipata polisi. Simu ya bure ya kuomba msaada ni 1195, ya watoto 116, andikeni sasa hivi.

Haya, nmeona mkono pale nyuma. Karibu baba, uliza.