Kiyunani, Kijerumani na Mwanafunzi wa Lamu

Assalaam alaykum. Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojazana mlangoni kama mnaotaka kutoroka, sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya kusoma lugha za kale, Kiyunani na Kilatini, pamoja na lugha moja ya leo, katika chuo kikuu. Mzee mmoja kashaniuliza hapo nje: "Mwalimu, na kazi je?" Nitafika huko, mzee wangu, nivumilie.

Masomo yenyewe ni hivi. Pale Oxford, kwa mfano, shahada ya namna hii huchukua miaka 4 au 5, na mmoja katika hiyo mwanafunzi huenda kukaa kwa wenye lugha hai aliyoichagua. Huku anasoma Homer, mshairi wa Kiyunani, na Cicero, mwandishi wa Kilatini, huku anasoma Kifaransa, Kijerumani au Kitaliano. Si lazima uwe umesoma Kiyunani shuleni. Wako wanaoanzia alifu huko huko. Wala si masomo ya Ulaya peke yake. Legon kule Ghana na Ibadan kule Nigeria wameyafundisha tangu vyuo hivyo vilipoanza mwaka 1948.

Sasa kuna hofu kwamba Kilatini kinavunja kichwa. Kwa aliyezoea Kiingereza tu, ndiyo. Lakini wangapi humu wamesomeshwa Ajurrumiya, kile kitabu cha sarufi ya Kiarabu? Inueni mikono. Mnaona! Basi nyinyi mnamjua Zaydi aliyempiga Amri. *Dharaba Zaydun Amran.* Geuza useme *dharaba Amran Zaydun*, mpigaji ni yule yule Zaydi, kwa kuwa irabu ya mwisho ndiyo inayosema nani katenda na nani katendwa. (Maskini Amri, karne zote hizi hajapata wa kumwamulia.) Kilatini ni vivyo hivyo. *Puella puerum videt*, msichana anamwona mvulana. Sema *puerum puella videt*, bado msichana ndiye anayeona. Mwanafunzi wa London hutokwa jasho kwa jambo hili, nanyi mmelimaliza mkekani mkiwa wadogo. Hata muthanna, ile hali ya kutaja wawili, mtaikuta katika Kiyunani cha Homer.

Nije kwenye hoja yangu hasa: lugha ya kale na lugha hai zichaguliwe kwa kazi moja, kila moja imsaidie mwenziwe.

Chukueni Periplasi, kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, kilichoandikwa na mfanyabiashara wa Misri asiyejulikana jina. Ndani yake mna pwani yetu hii: pembe za ndovu, magamba ya kasa, na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, jambo ambalo watu wa visiwa hivi waliojua mtepe hawahitaji kuelezwa. Mnatajwa pia manahodha wa Kiarabu waliooa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Lugha gani? Kitabu hakisemi. Na nakala yake kongwe, ya karne ya 10, iko Heidelberg, Ujerumani. Panapotajwa kisiwa cha Menuthias maandishi yameharibika, herufi zimeshikana hazileti maana vizuri. Na huyu anasema ni Pemba, yule Unguja, mwingine Mafia. Anayesoma tafsiri tu hajui hata kwamba pale pana ugomvi. Huamini alichoandikiwa.

Na kwa nini nasisitiza Kijerumani? Kwa sababu wataalamu wengi wa Kiyunani wameandika kwa lugha hiyo, na waliochapa tungo zetu vilevile. Utendi wa Tambuka, ule wa Bwana Mwengo wa Pate unaosimulia habari za Herekali, wenye tarehe ya 1728, ulichapishwa na Meinhof, msomi wa Kijerumani, huko Ujerumani mnamo 1911. Dammann, Mjerumani mwenziwe, alikuja hapa Lamu miaka ya 1930 akakusanya mashairi, akayatoa mwaka 1940 na maelezo yote kwa Kijerumani. Mjukuu wa mtunzi hawezi kuyasoma maelezo ya utungo wa babu yake! Halafu huyo Herekali wa utendini ni nani? Ni Heraclius, mfalme wa Rumi aliyetawala Konstantinopoli tangu 610 hadi 641, na watu wake wakiandika Kiyunani. Nangojea kijana wa Kiamu atakayemweka Herekali wa Pate kando ya Heraclius wa waandishi wake mwenyewe. Mimi sijamwona bado.

Haya, kazi. Sitawadanganya. Hakuna tangazo gazetini linalotafuta msomaji wa Kiyunani. Kinacholipa kodi ya nyumba ni lugha hai: ukalimani, ualimu, utalii, makumbusho. Watazameni vijana wa Malindi. Kitaliano wamekiokota ufuoni na hotelini, wanakisema kuliko wengi waliokilipia ada. Kijana wa namna hiyo mimi ningemwambia asome Kitaliano na Kilatini, kwani Kitaliano ni mtoto wa Kilatini, na maneno mengi tayari anayo mdomoni. Tatizo lake litakuwa kuandika. Amezoea kujadiliana bei, hajawahi kuandika insha ya kurasa tano, na chuoni atapimwa kwa insha. Basi aanze mwaka huu: atafute gazeti la Kitaliano, kila wiki afupishe habari moja kwa mkono wake, ampe msomi amsahihishie. Mapadri wapo Malindi, na Waitaliano wastaafu wasio na shughuli wamejaa. Wengine watafurahi kuulizwa.

Mzee wangu wa pale nje, nadhani swali lako lina la pili. Simama, tukusikie.