Kifuu Kikiwa Jahazi
(Mhadhara kwa walimu wa awali na wazazi, Tanga)

Walimu wenzangu, wazazi wetu, asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Tuanze na kifuu hiki. Jikoni, nazi ikishakunwa, kifuu kinangoja moto tu. Mpe mtoto wa miaka mitano: mara sufuria, mara kofia ya askari, mara jahazi linatia nanga. Kifuu ni kilekile. Maana ndiyo iliyobadilika, na aliyeibadilisha ni mtoto. Mwanasaikolojia wa Urusi Lev Vygotsky, aliyefariki 1934, alilieleza hili kwa mfano wa fimbo inayogeuka farasi: mchezoni mtoto hujifunza kutenga kitu na maana yake.

Sasa tazameni ubao. Herufi "m" ni mikwaruzo ya chaki, haifanani na sauti yoyote duniani. Mtoto anayeikubali kuwa sauti anafanya kazi ileile aliyoizoea kwa kifuu. Ndiyo maana simu ya plastiki ya dukani siisifii sana. Ile imeshakuwa simu, basi.

Utaratibu wa mchezo huu wa kuigiza si mgumu. Kundi lisizidi watoto 6. Wape mkeka mmoja, vifuu 10, kanga kuukuu na ufito usiofika mita moja. Makali ya vifuu yasugueni kwanza kwenye sakafu ya saruji mpaka kidole kipite bila kukwaruzika. Kamba ya mkonge hapa kwetu si shida, lakini ikateni vipande vya sentimita 30. Kamba ndefu huishia shingoni mwa mtu. Kisha msiwaambie wacheze nini. Watoto wa Sahare, hapa pwani kwetu, watakuwa na nahodha kabla hujageuka, na utasikia omo (mbele ya chombo), tezi (nyuma yake), foromali (mti unaoshika tanga) na mlingoti, maneno ambayo kwenye dawati hayapati nafasi.

Kinachouharibu mchezo huu mara nyingi ni saa. Dakika 10 hadi 15 za mwanzo huishia kwenye ugomvi wa nani awe nahodha, na mwalimu akiangalia huona fujo. Ule ugomvi ndio mpango wa kazi: wanagawana vyeo, wanaweka sheria. Ukipuliza filimbi dakika ya 20, umewakata jahazi likiwa ndiyo kwanza linang'oa nanga. Wapeni dakika 40 mfululizo, hata kwa kuunganisha vipindi viwili.

Cha pili ni sisi wenyewe. Mwalimu anainama: "Kanga hii ina rangi gani?" Tanga la jahazi limeshuka, watoto wamerudi darasani. Ukitaka kuingia, ingia kama abiria. "Nahodha, nauli ya Pemba shilingi ngapi?" Lipa kwa majani, dai chenji yako, shuka, uondoke. Hesabu imefanyika na hakuna aliyejua.

Nikitaja hesabu, mchezo wa mdako tumeudharau mno. Chimbeni kishimo cha upana wa kiganja, kina cha vidole viwili. Kikizidi hapo, vidole vidogo havikombi. Tieni komwe (zile mbegu ngumu za kuchezea bao) 12, na moja ya kurusha. Mtoto anarusha, anakomba zilizomo, anadaka. Anarusha tena, anarudisha zote isipokuwa moja, anadaka. Hivyo mpaka kishimo kiwe kitupu. Mzunguko wa pili anabakiza nje mbilimbili, wa tatu tatutatu. Kumi na mbili inagawanyika kwa mbili, tatu na nne bila baki. Wakishazoea, ondoeni komwe mbili kimyakimya. Kwenye tatutatu itabaki moja, na watabishana nani kaiba. Waacheni wabishane, kisha wahesabu upya. Hapo ndipo mwalimu aseme neno "baki", kwa sababu sasa lina kazi.

Wachezaji wanne kwa kishimo wanatosha. Wakizidi, anayengoja zamu anaanza kusukuma. Darasa la watoto 60 linataka vishimo 15, umbali wa hatua mbili kati ya kimoja na kingine. Kwenye saruji, chora duara kwa chaki. Mnaokosa komwe tumieni kokoto laini, zisizidi gololi, maana jiwe kubwa likikosa kiganja hutua juu ya jicho. Na wavulana wasiambiwe mdako ni wa wasichana.

Kwa mzazi anayeuliza kama haya ni masomo: Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 31, unataja kucheza kuwa haki, na Tanzania iliuridhia 1991. Kwa hiyo kumnyima mtoto mapumziko kama adhabu kwa kuwa hakumaliza kuandika tuache. Asiyetulia kuandika ndiye anayeyahitaji zaidi.

Jambo la mwisho ni la usafi. Vifuu vikibaki uwanjani vimekaa wazi, mvua ya masika itavijaza, na haitapita wiki mtaona viluwiluwi vya mbu. Jioni watoto wenyewe wavihesabu, 10 kwa kila kundi, wavifudikize chini ya paa.