Kashata za Tairi na Watoto wa Samaki: Mhadhara Uliotolewa Tanga

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu wavuvi, kina mama mnaouza samaki, madereva na wanafunzi mliofika, nawashukuru kwa kuitika mwito.

Mkononi nimeshika kipande cha tairi nilichopewa na fundi pancha jirani yangu. Tairi hili lilipotoka dukani lilikuwa na kashata zenye kina cha milimita 8 hivi. Leo ni kipara, ukipitisha kidole hakikwami popote. Nimekuja kuuliza kashata hizo zimekwenda wapi. Kila dereva akatapo kona au ashikapo breki, lami humega chembe za mpira ambazo nyingi hazionekani kwa macho. Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walikadiria kuwa, kwa wastani wa dunia nzima, chembe hizo hufikia takriban gramu 810 kwa kila mtu kwa mwaka. Hukaa barabarani zikichanganyika na mchanga, hata masika yaanze. Ndipo maji meusi ya mvua za kwanza huzikumba mtaroni, na mitaro ya mji wetu huishia baharini.

Kwa mji kama huu, kuishia baharini ni kuishia kwenye mikoko na tope la ghuba. Aliyewahi kupitisha mtumbwi kando ya mikoko maji yakijaa, upande wa mto Mkulumuzi au Sigi, amewaona watoto wa samaki wakijikusanya baina ya mizizi, wembamba kama sindano, wakigeuka kwa pamoja kivuli cha kasia kikiwapitia. Wamejificha humo kwa sababu samaki wakubwa hawapiti kwa urahisi na chakula ni kingi. Chembe za tairi, zikishashikamana na vumbi la barabarani, ni nzito kuliko maji. Huzama na kutulia katika tope hilohilo. Ndiyo maana nawazungumzia wadogo kabla ya wakubwa: wamekaa pale uchafu unapotua, na kwa uzito wao hupitisha maji mengi zaidi mwilini, ilhali viungo vya kupambana na sumu havijakomaa.

Tairi si utomvu wa mpira peke yake. Lina mpira wa viwandani utokanao na petroli, lina masizi, lina zinki, na lina dawa iitwayo 6PPD inayozuia mpira usipasuke kwa gesi ya ozoni. Dawa hiyo ikikutana na ozoni hugeuka kuwa kitu kingine, 6PPD-kwinoni. Katika jimbo la Washington, Marekani, samaki aina ya coho, wa jamii ya samoni, walikuwa wakipanda vijito vya mijini kutaga, na kila mvua iliponyesha walikufa kwa saa chache, mayai yakiwa bado tumboni. Ilichukua miaka mingi kumpata muuaji, hadi matokeo yalipotangazwa Desemba 2020: ni hiyo kwinoni ya matairi. Vipimo vya baadaye kwa coho wachanga vilionyesha kwamba nanogramu 95 katika lita moja zatosha kuua nusu yao; nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Gramu moja tu, basi, yatosha lita milioni 10, yaani magari 1,000 ya maji yenye lita 10,000 kila moja.

Sisemi kwamba changu wetu watakufa vivyo hivyo. Hata chum, ndugu wa karibu wa coho, hustahimili maji yaleyale, na mtafiti mwaminifu hana budi kulitamka hilo. Kinachonikosesha usingizi ni madhara yasiyoacha mzoga. Mwaka 2022 watafiti wa Oregon waliwaweka samaki wadogo wa milango ya mito, pamoja na vijidudu wanaofanana na uduvi wetu, katika maji yenye chembe za tairi. Kadiri chembe zilivyozidi ndivyo ukuaji ulivyodumaa, na kuogelea kwao kukabadilika: walisimama ghafla, wakaganda mahali pamoja. Mnaovua mnajua mwisho wa mtoto wa samaki anayeganda huku kolekole anapita. Huyo hatahesabiwa miongoni mwa waliokufa kwa sumu. Atakosekana wavuni tu, miaka miwili mbele, na lawama zitaangukia nyavu na mwezi.

Hukohuko Washington walichukua maji ya barabarani yaliyokuwa yakiua coho, wakayapitisha katika mchanganyiko wa mchanga na mboji, na samaki waliotiwa katika maji yaliyochujwa waliishi. Mchanga tunao, na mboji yaweza kutoka kwenye taka za masoko yetu. Ninachoomba kwa wahandisi wa mji na vikundi vya BMU, yaani vya wavuvi vya kusimamia fukwe, ni kuchagua mtaro mmoja unaomwagika mikokoni, kuchimba shimo pana kabla ya mdomo wake, kulijaza mchanganyiko huo na kupanda majani juu, kabla mvua za vuli hazijaanza.