Tabora: Stesheni ya Njia Panda

ZAWADI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Kaka Masanja amerejea kutoka Kigoma juzi, na kama mnavyomfahamu, hajazungumza jambo jingine isipokuwa Tabora.

MASANJA: Nizungumze nini, dada Zawadi, ikiwa treni iliyotoka Dar es Salaam ikiwa moja hukatwa pale usiku ikawa mbili? Mfanyakazi mwenye taa ya mkono aliingia katikati ya mabehewa, akafungua mipira ya breki, akainua taa ya kijani, na behewa letu likavutwa taratibu huku abiria wa Mwanza wakihimizwa warudi upande wao. Muuza asali alikuwa bado ananirudishia chenji dirishani.

ZAWADI: Tuliahidi kueleza leo mambo matatu ya kuzingatia unapobadilisha treni.

MASANJA: Tutayafikia. Kwanza wasikilizaji waelewe kwamba njia panda ile haikubuniwa na reli. Misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi iliyotoka Bagamoyo ilikuwa ikigawanyika papo hapo, mingine ikielekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mingine ikipanda kaskazini. Speke, mvumbuzi wa Kiingereza, alipoondoka Tabora mwaka 1858, wakati huo ikiitwa Kazeh, alifika Mwanza kwa njia ambayo wenyeji waliijua tayari.

ZAWADI: Hapo sikubaliani nawe, kaka. Wajerumani walifikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka yote iliyofuata abiria walipita Tabora kama wanavyopita stesheni nyingine yoyote, hadi Waingereza walipokamilisha reli ya Mwanza mwaka 1928. Kilichoifanya kuwa makutano ni uamuzi wa wahandisi na fedha za serikali.

MASANJA: Wahandisi walifuata nyayo za wapagazi.

ZAWADI: Mbona basi reli haikuanzia Bagamoyo? Misafara mingi mikubwa ilianzia pale, lakini reli ilijengwa kuanzia Dar es Salaam kwa sababu ya bandari, na Bagamoyo ikaachwa.

MASANJA: Mwanzo ulihama, nakubali, lakini Tabora haikuhama. Watu waliobeba pembe za ndovu mabegani kwa miezi wanastahili kutajwa pale stesheni, japo kwa kibao.

ZAWADI: Kibao nakiunga mkono kwa moyo wote. Ninachokataa ni kuwasahau vibarua waliotandika mataruma ya reli, ambao nao hawana kibao.

MASANJA: Hao walikuja baadaye.

ZAWADI: Ndio walioijenga stesheni. Njia ya miguu huweza kufutika msimu mmoja wa mvua.

MASANJA: Ile haikufutika.

ZAWADI: Fundi mitambo ananionyesha kwamba zimebaki dakika mbili. Mambo yetu matatu, kuhusu tiketi, mizigo na namba ya behewa, hayatawezekana leo.

MASANJA: Yasubiri. Wewe nijibu kwanza kuhusu Ujiji: je, reli haikufuata njia ya misafara kuelekea huko?

ZAWADI: Ujiji ndiyo inayonipa haki, kaka. Misafara iliishia Ujiji. Reli ikaishia Kigoma.

MASANJA: Ambako ni jirani kabisa!

ZAWADI: Jirani, lakini si pale.