Nionyeshe Mguu Kwanza: Mhadhara Kuhusu Upasuaji wa Diski ya Kiuno kwa Tundu Dogo

Nimeombwa nizungumzie upasuaji wa tundu dogo, na nitauzungumzia. Lakini tangu niingie ukumbini nimehesabu bahasha saba kubwa za picha za MRI, kipimo kinachopiga picha ya ndani ya mwili kwa sumaku, mikononi mwenu, na hakuna hata mmoja aliyenieleza mguu wake unamsumbuaje. Wote mmeniuliza jambo moja: "Shikamoo daktari, diski yangu imetoka, mnafanya kwa tundu?" Swali hilo nimelijibu miaka mingi. Leo nalijibu tena taratibu, kwa sababu watu bado wanauza viwanja kwa ajili yake.

Pingili ni mifupa ya uti wa mgongo, diski ni kitakia kilicho kati ya pingili na pingili; mengine mnayajua, sitayarudia. Kumbukeni tu embe la kunyonya: ukilibonyeza sana, nyama inatafuta upenyo wa kutokea. Diski ikichanika nayo hufanya hivyo, na mara nyingi kilichotoka kinaangukia njia ya mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni. Karibu zote zinazotusumbua kiunoni ni mbili za chini kabisa. Basi.

Sasa sikilizeni habari ya watu wawili waliokuja kwangu wiki moja.

Wa kwanza ni fundi cherehani. Aliingia anachechemea, akaniambia, "Daktari, ndala yangu ya kulia inabaki njiani na mimi sina habari. Mtoto ndiye anayenifuata nayo." Ndugu zangu, maneno hayo yaliniambia mengi kuliko picha. Nikamlaza chali, nikauinua mguu wa kulia ukiwa umenyooka. Kabla haujafika nusu ya njia, alishika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili: maumivu yalimtoka takoni, yakapita nyuma ya paja, nje ya muundi, hadi juu ya unyayo, kama shoti ya umeme. Nikamwambia anyanyue kidole gumba nami nikikandamize kwa kidole changu kimoja. Hakukiweza. Nikamsimamisha atembee kwa visigino. Mguu wa kushoto ulikwenda vizuri. Wa kulia, kila hatua unyayo ulianguka sakafuni, pa! Huo ndio mguu anaokanyagia cherehani. Alikuwa amemeza dawa na kufanya mazoezi miezi miwili, na nguvu zilikuwa zinazidi kupungua.

Wa pili ni mama muuza vitenge. Kiuno kilimuuma miaka minne, hasa akiinama kufungua marobota. Mguu je? "Mguu hauna shida, mwanangu." Alipima MRI, karatasi ya majibu ikaandika diski imechomoza kati ya pingili ya nne na ya tano, akaambiwa katika hospitali moja kwamba kuna teknolojia mpya, tundu dogo, kesho yake anarudi nyumbani. Akauza kiwanja. Alipokuja kwangu kovu lilikuwa limeshapona, dogo na zuri kuliko kovu lolote nililowahi kushona mimi. Kiuno kilikuwa kilekile.

Nilizibandika picha zao mbili dirishani, moja kando ya nyingine. Pingili zilezile, ya nne na ya tano. Vijana wangu wa mafunzo niliwauliza ipi ya nani. Hawakuweza kusema kwa uhakika, nami sikuwalaumu.

Mtaniambia: lakini picha ilionyesha! Ndiyo, ilionyesha. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapima kwa MRI watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Ni asilimia 36 tu waliokuwa na diski safi zote. Zaidi ya nusu walikuwa na angalau diski moja iliyovimba nje, na wanatembea, wanafanya kazi, hawana habari. Kwa hiyo ukipima kiuno chochote cha mtu mzima, usishangae ukikuta kitu. Upasuaji huu kazi yake ni kuukomboa mshipa uliobanwa. Ni upasuaji wa mguu unaofanyiwa mgongoni. Kama mguu hauna kesi, tundu hata liwe dogo kama la sindano, umemtoboa mtu bure.

Fundi tulimfanyia kwa tundu. Ngozi tuliichana kama sentimita 2. Tukaingiza mirija inayopandiana, mwembamba kwanza, kisha mnene kidogo, hivyo hivyo, kama sufuria za seti. Nyama ya mgongo inasukumwa pembeni badala ya kukatwa. Kupitia mrija wa mwisho, kwa darubini ya kukuza vitu vidogo, unapunguza mfupa kidogo, unaondoa utando wa njano, unauona mshipa. Wa fundi ulikuwa mwekundu, umelala bapa kama utambi uliokanyagwa. Chini yake kulikuwa na kipande cheupe. Nilikivuta kikatoka kizima, mfano wa nyama ya kaa iliyochemshwa. Mshipa ukashuka mahali pake. Jioni ile alisimama, maumivu ya mguu yamekwisha. Kidole gumba kilichukua miezi minne kuamka. Hilo nalo mlijue: maumivu huondoka haraka, nguvu hurudi polepole, na wakati mwingine hazirudi zote.

Kuna mzee pale anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema, mzee wangu: diski ikishatoka itajirudishaje yenyewe bila kisu? Hairudi ilikotoka. Mwili unaila. Kipande kikishakuwa nje, chembe nyeupe za damu zinakiona ni kitu kigeni na kukitafuna kidogo kidogo, na cha ajabu, vipande vikubwa vilivyokatika kabisa ndivyo mara nyingi hunywea zaidi. Uholanzi mwaka 2007 walichapisha utafiti wa wagonjwa 283 ambao mguu uliwauma vikali kwa wiki 6 hadi 12. Nusu walipangiwa upasuaji wa mapema, nusu wasubiri kwa dawa na ushauri. Katika waliosubiri, 39 kati ya 100 hatimaye walipasuliwa ndani ya mwaka. Wengine hawakuhitaji. Na mwaka ulipotimia, makundi yote mawili yalikuwa sawa: watu 95 katika 100 wamepona.

Ila utafiti huohuo unasema jambo jingine, na sitalificha kwa sababu halinipendezi. Waliopasuliwa mapema walipona upesi zaidi, kiasi cha wiki 4 dhidi ya 12. Kwa dada anayekaa na watoto watatu na asipofanya kazi leo hawali kesho, wiki nane si kitu kidogo. Akiniambia, "Daktari, mguu ni huu, picha ni hii, nimeelewa ningeweza kusubiri, lakini siwezi," nitamfanyia. Huyo amechagua akijua.

Sasa hilo la ukubwa wa tundu, maana naona saa. Si jambo la juzi. Darubini iliingia katika upasuaji huu mwaka 1977, mirija mwaka 1997. Mwaka 2009 Waholanzi haohao walilinganisha mrija na upasuaji wa kawaida wa darubini kwa wagonjwa 328: baada ya mwaka waliopona vizuri ni asilimia 69 kwa mrija, 79 kwa njia ya kawaida. Mwaka 2022 walilinganisha upasuaji wa kamera nyembamba kabisa na ule wa kawaida kwa wagonjwa 613, na kamera haikuwa nyuma. Kwa hiyo usichague tundu. Chagua mkono uliolizoea, na umuulize mwenye mkono huo ameshafanya wangapi. Akikasirika, ondoka.

Kuna jambo moja ambalo halisubiri wiki wala mazoezi. Mkojo ukigoma kutoka au ukitoka wenyewe, ganzi ikikushika sehemu zile zinazogusa tandiko la baiskeli, miguu yote miwili ikilegea: usingoje asubuhi. Nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Fungu zima la mishipa ya fahamu limebanwa, na kila saa inayopita inaondoka na kitu.

Nilitaka kuzungumzia sindano za steroidi, mikanda ya kiuno, na diski inayotoka tena baada ya upasuaji, jambo linalotokea kweli. Nimeonyeshwa dakika mbili, kwa hiyo nitayajibu kwa atakayebaki. Vyuma na skurubu za kufunga pingili ni mada nyingine. Anayeambiwa awekewe vyuma kwa diski moja iliyotoka mara ya kwanza, aombe maoni ya daktari wa pili kabla ya kutia sahihi.

Kaka uliyekaa karibu na dirisha, mwenye bahasha. Iache hapo kwenye kiti. Vua viatu, uje kwangu unatembea kwa visigino.