Krambo ya epo kwenye kikombe, ya mtu mmoja tu

Asalaam aleikum wapendwa. Wakubwa zangu, shikamooni. Mama, najua uko hapo na simu ya mdogo wangu, na usianze kusema nimekonda. Ni taa ya hiki chumba.

Hapa Nottingham, Uingereza, ni saa mbili na nusu asubuhi, huko Tanga ni saa nne na nusu. Nimetoka zamu ya usiku, kwenye nyumba ya wazee, miguu inawaka moto. Watu mmekuwa mkiniuliza, "Dada, huko unakula nini ukirudi?" Leo nawaonyesha krambo, chakula kitamu cha matunda cha huku. Nataka kitu kitamu, cha moto, na sitaki kupikia watu sita.

Hapo kwenye watu sita ndipo penye shida. Mimi nimefundishwa kupika nikiwa nyuma ya mama, na mama hajawahi kupika chakula cha mtu mmoja. Kwetu ukibandika sufuria unahesabu waliopo, unaongeza na mgeni ambaye hajafika. Nilipokuja huku, mwezi wa kwanza nilipika wali ule wa kwetu, nikaula siku nne mfululizo mpaka nikauchukia. Kupimia mtu mmoja nimejifunza huku, na aliyenifundisha ni kikombe.

Kikombe chenyewe hiki hapa. Kikubwa, kile cha kunywea chai mtu mwenye mawazo. Angalieni kisiwe na urembo wa dhahabu mdomoni, maana maikrowevu inapiga cheche. Kijiko cha chuma nacho kitoke kabla hujafunga mlango.

Sasa epo. Najua kuna walimu watanisahihisha niseme tofaa. Jamani, kwetu pwani tofaa ni lile jekundu, jepesi, lenye kokwa kubwa, ukilinusa kama waridi. Waarabu tuffah yao ndiyo epo, sawa, lakini ukienda sokoni Ngamiani ukaomba matofaa halafu ukapewa maepo, utarudisha. Mimi nasema epo.

Na hili si epo la kula hivihivi. Linaitwa Bramley. Kubwa, la kijani, limepindapinda kama limekaliwa. Msimu huu wa mwezi wa kumi, mwenye mti nyumbani kwake akishindwa kuyamaliza anayatia kwenye boksi, anaweka nje ya geti na kikaratasi: chukua bure. Mara ya kwanza nilipita mara tatu nikiliangalia lile boksi, nikajua nikigusa tu mtu atatoka aniite mwizi. Nikachukua mawili, nikaenda mbio. Kufika chumbani nikang'ata. Loh! Ukwaju una nafuu. Nikafanya alichokifanya kila mtoto wa Tanga: nikakata vipande, nikatia chumvi na pilipili, nikala kama embe mbichi. Tamu hasa! Mwenzangu wa nyumba, Mwingereza, aliniangalia kama nimechanganyikiwa, ndiye aliyeniambia hili ni la kupika.

Na limetoka hapahapa jirani. Kuna mji mdogo unaitwa Southwell, unapanda basi tu kutoka hapa. Mwaka 1809 msichana mmoja, Mary Ann Brailsford, alipanda mbegu za epo pale kwao. Mti ukaota. Mwaka 1846 nyumba ikanunuliwa na mchinja nyama, Matthew Bramley, na mwaka 1856 akaja kijana wa bustani, Henry Merryweather, kuomba vijiti vya ule mti akazalishe miche. Mzee akasema chukua, lakini liitwe kwa jina langu. Basi Bramley zote mnazoziona zimetokana na mti ule mmoja, kwa kupandikizwa. Aliyepanda ni mtoto wa kike, jina kabeba aliyenunua kiwanja. Wenye mashamba ya urithi mmenielewa.

Haya, nisiwacheleweshe. Namenya. Nakata vipande vidogo, kama vya kachumbari nene. Nusu ya epo hili inatosha, kama ni dogo weka lote. Kikombe kisijae, acha theluthi moja wazi, maana Bramley ikishika moto inaumuka, inakuwa povu, inamwagika. Sukari vijiko viwili vya chai, siagi kipande cha ukubwa wa kokwa ya tende, mdalasini kidogo, na karafuu moja niliyoitwanga. Karafuu moja! Ukitia mbili unakula dawa ya jino.

Maji siweki. Epo lenyewe sehemu kubwa ni maji, na maikrowevu kazi yake ni hiyo, inatikisa maji yaliyomo kwenye chakula mpaka yanachemka. Kwa hiyo inalipika kwa maji yake mwenyewe. Nafunika na kisahani, dakika mbili. Yangu ni ya wati 800, yako ikiwa na nguvu zaidi punguza.

Inazunguka. Mnaisikia? Huo ndio muziki wangu wa kila asubuhi.

Wakati inazunguka niwaambie kosa langu, maana wengi mtalifanya. Hiki chakula wanakiita krambo, yaani matunda chini, juu chengachenga za unga na siagi. Wazee ninaowahudumia wanakipenda kufa. Wakati wa vita ya pili siagi na sukari zilikuwa za mgao, tangu Januari 1940, na krambo haili siagi nyingi kama pai, basi ikashika kasi. Mama, wewe na foleni zenu za sukari mnawaelewa hawa. Sasa mimi nikachukua zile chenga, nikazimwaga juu ya epo bichi, nikatia vyote kwenye maikrowevu pamoja. Ikatoka uji. Uji wa epo! Mvuke unapanda kutoka chini, unalowesha unga, na maikrowevu haibabui juu kama oveni. Chakula chenye maji hakipiti sana joto la maji yanayochemka, na kwa joto hilo hakuna kitu kinakuwa cha kahawia.

Dawa yake ni kuzipika chenga peke yake. Epo limeiva, oneni, limelainika lote kama mlenda, hiyo ndiyo sifa yake. Koroga, liache lifunikwe. Sasa kwenye sahani bapa: oti, zile nafaka bapa za uji, vijiko vitatu vya chakula, unga wa ngano kimoja, sukari kimoja, siagi kimoja, chumvi kwa ncha ya vidole. Fikicha kwa mkono. Usikande, fikicha, kama unavyofikicha unga wa visheti kabla ya kutia maji. Tandaza, katikati acha tundu. Sekunde 40, toa, geuza. Sekunde 30, toa, geuza. Halafu ishirini ishirini huku unanusa. Ikinukia kama karanga za kukaanga, toa hata kama bado laini, itakauka ikipoa.

Na usiondoke! Wiki iliyopita nilitia dakika tatu mfululizo nikaenda kuvua sare. Sukari ikaungua katikati, moshi, king'ora cha nyumba kikalia, watu wakatoka nje na taulo. Saa mbili asubuhi. Sijasamehewa mpaka leo.

Oneni sasa, zimeshikana vipande vipande. Sikia. Kru, kru.

Wale wa nyumbani, msiniambie "dada sisi hatuna maikrowevu". Kisufuria kidogo, moto mdogo, kijiko cha maji, funika dakika sita saba hivi. Chenga kwenye kikaangio kikavu, geuza bila kuchoka. Epo tumia lile la kijani la Afrika Kusini, ila halitayeyuka hivi, litabaki vipande, na sukari punguza. Ukipita Mombo ukakuta pichesi za Lushoto dirishani mwa basi, achana na maepo kabisa, chukua pichesi. Nanasi na iliki pia. Ndizi mbivu na tui la nazi dakika moja na nusu inatosha, hiyo bibi atakwambia ni ya kwake na ni kweli. Tikiti maji usijaribu, utapata supu.

Juu yake kastadi. Ile ile ya unga wa njano tuliyokuwa tunangojea kwenye futari. Imeanzia Birmingham, saa moja na kitu kwa gari kutoka hapa. Alfred Bird aliitengeneza mwaka 1837 kwa sababu mkewe alikuwa hawezi kula mayai. Mume huyo! Kijiko kimoja cha chai cha unga, vuruga na maziwa baridi kidogo kwanza, halafu maziwa nusu kikombe, sukari kidogo. Dakika moja, koroga, na sekunde 30 ukiikodolea macho.

Epo, chenga juu, kastadi pembeni ili chenga zisilowe. Bismillahi.

Mmh. Moto, moto... Subirini. Ulimi.

Mama, chumvi ile kwenye chenga ndiyo inayofanya kazi, ungeionja ungekubali. Inabaki kijiko kimoja chini, na hakuna wa kumwachia, kwa hiyo namaliza mwenyewe. Mdogo wangu, mpe mama simu vizuri, umeshika upande. Mimi naosha kikombe nikalale, zamu ni saa mbili usiku.